Wasifu wa Bibi Usiwe Wasifu wa Mumewe



Somo letu la leo ni la kuandika. Wengi wenu mmekwisha kumaliza kisomo. Mnasoma barua za watoto wenu. Mnasoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Mkiitwa ofisini mnaweka sahihi, hamchovyi tena kidole gumba katika wino. Hayo ni maendeleo. Leo nataka kalamu hiyo tuipe kazi nyingine, ambayo mimi mwenyewe, pamoja na ualimu wangu wote, niliifanya vibaya. Basi nitaanza na kosa langu.

Alifariki bibi mmoja katika kata yetu ya Hirbadaw. Alikuwa mzee sana, na alitoka katika ukoo unaojulikana. Mumewe, aliyemtangulia, alikuwa mzee wa baraza, mwenye ng'ombe wengi. Watoto wake wamesoma, na mmoja ana cheo serikalini. Jina la ukoo nitaliacha, kwa kuwa shabaha yangu si kuzungumza msiba wa watu gazetini.

Usiku wa kuamkia mazishi, saa tatu hivi, waliniita. Wakasema, "Mwalimu, wewe unajua kuandika. Tuandikie wasifu wa marehemu." Wasifu, kama mjuavyo, ni ile habari fupi ya maisha ya mtu inayosomwa kabla ya kuzika. Nikakaa na wanawe kwenye taa. Nikauliza, wakajibu, nikaandika. Karatasi moja na nusu. Asubuhi nikaisoma mbele ya watu wengi, na nilisoma kwa sauti nzuri, nilijiona nimefanya kazi.

Watu walipoanza kutawanyika, bibi mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu ujana alinishika mkono. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba mwanangu." Kisha akasema, "Umesoma vizuri. Lakini huyo uliyemsoma ni nani?"

Nilifikiri umri umemchosha. Nikamjibu kwamba ni rafiki yake, si tumemzika sasa hivi? Akatikisa kichwa. "Umemsoma mumewe. Halafu umewasoma watoto. Yeye hujamsoma."

Nyumbani niliitoa ile karatasi mfukoni nikahesabu. Jina la mume lilikuwamo mara tisa. Majina ya watoto, ukiyajumlisha, mara kumi na nne. Jina la marehemu lilikuwamo mara mbili tu, na hilo ni jina la ubatizo. Jina alilopewa na mama yake siku aliyozaliwa halikuwamo. Nilikuwa nimewauliza wanawe watatu, watu wazima wenye wajukuu. Hakuna aliyelijua.

Tazameni basi. Mwanamke ameishi miaka zaidi ya themanini. Amezaa, amelima, amehama, ameamua kesi za wenzake. Karatasi inasema alizaliwa, akaolewa na mzee fulani, akazaa fulani na fulani, akaugua, akafa. Ukiondoa majina, karatasi hiyo ungeweza kuisomea bibi yeyote wa Hanang, na hakuna ambaye angeshtuka.

MAMA WA MTU MKUBWA

Nilijiuliza kama jambo hili ni la kwetu Hirbadaw tu. Nikaona nitafute habari za mwanamke mmoja ambaye mwanawe anajulikana na kila Mtanzania. Huyo ni Bi Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Mwalimu Julius Nyerere. Wengine huandika Mugaya. Alipobatizwa aliitwa Christina.

Nilidhani kwa mama wa Baba wa Taifa maandishi yatakuwa mengi. Kumbe nayo ni machache, na mengi yake yanapatikana ndani ya habari za mumewe na za mwanawe. Haya ndiyo yaliyoandikwa.

Bi Mgaya alizaliwa mwaka 1892 katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria, ambayo leo ni Mkoa wa Mara. Mwaka 1907 aliolewa na Burito Nyerere wa Butiama. Alikuwa na umri wa miaka 15. Mumewe alikuwa amezaliwa mwaka 1860, kwa hiyo alimpita zaidi ya miaka 30. Mwaka 1915 mume huyo alifanywa chifu wa Wazanaki. Alikuwa na wake 22, na Bi Mgaya alikuwa wa tano. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba hizo zililizunguka zizi la ng'ombe. Bi Mgaya alizaa watoto wanane, wanaume wanne na wanawake wanne. Wawili walikufa wangali wadogo. Mtoto anayehesabiwa kuwa wa pili alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Kwanza aliitwa Mugendi, maana yake mwenye kutembea. Baada ya muda mfupi, kwa shauri la mganga, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mtoto huyo aliishi katika nyumba ya mama yake, akamsaidia kulima ulezi, mahindi na muhogo, na kuchunga mbuzi na ng'ombe pamoja na wenzake. Chifu Burito alifariki mwaka 1942. Bi Mgaya aliendelea kuishi mpaka mwaka 1997.

Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu. Kutoka 1892 hadi 1907 ni miaka 15. Hiyo ni miaka ya usichana wake. Kutoka 1907 hadi 1942 ni miaka 35. Hiyo ni miaka ya ndoa. Kutoka 1942 hadi 1997 ni miaka mingapi? Ni 55. Hiyo ni miaka ya ujane. Ukijumlisha yote unapata 105.

Mmeona? Sehemu iliyo ndefu kuliko zote katika maisha yake ni ile aliyoishi baada ya mume kufa. Zaidi ya nusu! Lakini mtu akitaka kumtaja kwa neno moja husema, "mke wa Chifu Burito". Mwingine atasema, "mama wa Rais". Mwanawe alikuwa Rais kwa miaka 23, tangu 1962 hadi 1985. Alipoacha urais na kurudi nyumbani Butiama, mama yake alikuwa na miaka 93, yungali hai. Kabla ya hapo Bi Mgaya alikuwa ameona mambo yakipita kama mtu aliyekaa kando ya barabara. Alizaliwa mara tu baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki, miaka ya 1890 na 1891. Aliuona utawala wa Wajerumani. Aliiona vita ya 1914 hadi 1918 na Waingereza wakishika nchi. Aliiona vita ya pili. Uhuru ulipokuja Desemba 1961 alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Alifariki mwaka zilipoanza zile mvua kubwa za El Nino, miaka miwili kabla ya mwanawe, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa. Aliolewa 1907. Mtoto wa pili akazaliwa 1922. Katikati kuna miaka 15. Mimi nilipofika hapo nilisimama. Mwanamke kijana, katika nyumba ya mtu mkubwa, kati ya wake wengi, na miaka 15 ambayo maandishi hayaelezi alivyoishi. Ndani ya miaka hiyo ndimo ilimopita vita, na ndimo mumewe alipopata uchifu. Huenda pia mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa ndoa vilikadiriwa tu, maana watu wa wakati ule hawakuandikiwa vyeti. Lakini hata ukipunguza miaka michache, bado pengo ni kubwa. Mtu ambaye angeweza kulijaza ni yeye mwenyewe.

Kama ni hivyo kwa mama wa Baba wa Taifa, je, bibi yako hapo nyumbani?

JINA NI KALENDA

Turudi kwetu. Mtu atasema, "Mwalimu, bibi yangu hajui mwaka aliozaliwa. Nitaandika nini?" Swali ni zuri, nalo huulizwa kila darasa.

Anza na jina. Wazee wetu hawakuwa na kalenda ukutani, waliiweka katika majina. Hata jina Nyerere kwa Kizanaki maana yake ni viwavi. Yule chifu alipozaliwa viwavi walikuwa wameivamia nchi, basi akaitwa hivyo. Kwa Wairaqw ni vile vile. Tluway ni mvua. Qwari ni njaa. Ukimkuta mzee anaitwa Qwari, usiishie kusema ni jina zuri. Muulize ilikuwa njaa gani, ilianza wapi, watu walikula nini. Kwa Wadatoga majina mengi ya wanaume huanza na Gida, na ya wanawake huanza na Uda, na kipande kinachofuata mara nyingi hueleza mahali au jambo lililokuwapo wakati wa kuzaliwa. Ukilipoteza jina hilo umepoteza na habari iliyofungwa ndani yake.

Yule bibi tuliyemzika alikuwa binti wa Kidatoga aliyeolewa kwa Wairaqw. Jina lake lilianza na Uda. Rafiki yake alilitamka mara moja tu pale chini ya mti, akanieleza maana yake, na kwa maana hiyo tuliweza kukisia alizaliwa mwaka gani na ng'ombe wa baba yake walikuwa wapi. Jina lenyewe siliandiki hapa. Nimewapa wanawe.

Baada ya jina, tafuta jambo kubwa ambalo mwaka wake unajulikana, kisha hesabu kurudi nyuma. Nitawapa mfano. Bibi anasema hivi: "Tulipohamishiwa vijijini nilikuwa na mtoto mgongoni. Huyo alikuwa wa nne." Watu walihamishwa kwa wingi kati ya 1973 na 1976. Tuchukue 1974. Mtoto wa mgongoni ana mwaka mmoja, basi alizaliwa 1973. Ikiwa walipishana miaka mitatu mitatu, wa tatu alizaliwa 1970, wa pili 1967, wa kwanza 1964. Aliolewa mwaka mmoja au miwili kabla ya hapo, tuseme 1962. Muulize, "Ulipoolewa ulikuwa sawa na msichana gani wa hapa?" Akikuonyesha binti wa miaka 18, toa 18 katika 1962. Utapata 1944. Si mwaka wa hakika, kwa hiyo usiuandike kama wa hakika. Andika "karibu na 1944", na pembeni andika ulivyopata. Mtu atakayekuja baadaye na habari bora ataweza kusahihisha.

Ukitaka miaka mingine ya kushikia, wazee wa hapa wanakumbuka Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, mashamba makubwa ya ngano yalipoanza kwenye mbuga za Basotu kuelekea miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Babati ilipotengwa na Hanang mwaka 1985, na mkoa wetu wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002. Siku hizi hata mtoto mdogo atakutajia tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang likaangamiza watu wa Katesh, tarehe 3 Desemba 2023.

NAMNA YA KUULIZA

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Tunakuja na daftari mbele kama karani wa sensa. "Bibi, jina? Umri? Watoto wangapi?" Bibi atajibu maneno matatu kisha atasema ana usingizi. Hasa mama wa nyumba kubwa. Yeye amezoea kwamba wageni huja kwa ajili ya mzee, na akiulizwa lolote husema, "Mwulizeni baba yenu."

Njoo na kazi. Kaa naye akipukuchua mahindi, nawe upukuchue. Usitoe karatasi siku ya kwanza. Anza na vitu, si tarehe. Kibuyu kile kilitoka wapi? Nani alikufundisha kushona ngozi? Nyumba ya mama yako ilikuwa na mlango upande gani? Ng'ombe aliyetolewa na kwenu ulipoolewa alikuwa wa rangi gani, na uzao wake uko wapi leo? Msidharau swali hilo la ng'ombe. Kwa Wabarabaig binti anapoolewa hupewa ng'ombe na ndugu zake, na historia ya ng'ombe hao ni historia ya maisha yake. Yuko mama aliyenisimulia miaka arobaini kwa kufuata ng'ombe mmoja wa madoa na ndama zake.

Kuna maswali yanayotaka adabu. Mwanamke wa Kidatoga hatamki jina la baba mkwe wake, na huepuka hata maneno yanayofanana na jina hilo. Ukimuuliza ghafla, "Baba mkwe aliitwa nani?" atanyamaza. Wewe mgeni utafikiri amesahau. Hakusahau, ila anakutunzia heshima. Mwulize mtu mwingine wa nyumba hiyo. Vile vile watoto waliokufa. Usiulize mbele za watu, wala siku ya kwanza. Lakini usiache kabisa, maana kwa akina mama wengi hiyo ndiyo sehemu nzito ya maisha, na wapo wanaosubiri mtu mmoja tu awaulize majina ya watoto hao.

Uliza pia alikataa nini. Tumezoea kuandika alichokubali: alikubali kuolewa, alikubali kuhama. Rafiki wa marehemu wangu alinieleza kwamba katika ule mwaka wa njaa, baada ya watu kuhamishwa, marehemu alikatazwa na mumewe kugawa mbegu za mtama. Debe moja na nusu, ndiyo akiba yote. Yeye alizifukia chini ya kitanda, akamwambia mzee zimeliwa na panya, na mvua ilipokuja akazitoa usiku kidogo kidogo kwa nyumba tano. Mwaka uliofuata nyumba hizo zilivuna. Habari hiyo haikuwamo katika wasifu niliousoma, na watu wa nyumba zile tano walikuwapo mazikoni wakinisikiliza nikitaja ng'ombe za mumewe.

Tena, uliza juu ya mabaraza. Msifikiri kwamba zamani mwanamke hakuwa na sauti kabisa. Wabarabaig wana baraza la wanawake linaloitwa girgwageda gademga. Mwanamume akimkosea mwanamke kwa namna inayovunja heshima ya wanawake, kama vile kumpiga mkewe wakati ametoka kujifungua, wanawake hukutana, humhukumu na kumtoza faini ya dume la ng'ombe. Na mwanamume hulipa. Sasa basi, nani walioongoza baraza hilo miaka ya 1960 na 1970? Walisema nini? Walihukumu kesi zipi? Mabibi waliokaa katika mabaraza hayo wengine wako hai. Ukienda nyumbani kwa mmoja wao leo, picha iliyo ukutani ni ya mumewe.

WENGINE WATAULIZA FAIDA YAKE

Mzee mmoja darasani alinibishia. Akasema habari za wanawake ni za jikoni, wasifu wa maana ni wa mwenye ukoo. Nilimjibu kwa habari ya ardhi, maana hiyo humgusa kila mtu hapa.

Mnajua kesi ya Mulbadaw, hapa hapa wilayani kwetu. Wanakijiji walilishtaki Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, kwa ajili ya ardhi iliyochukuliwa kwa mashamba ya ngano. Miaka ya 1980 walishinda katika Mahakama Kuu, kisha wakashindwa katika Mahakama ya Rufani. Mambo ya sheria katika kesi hiyo yalikuwa mengi, siwezi kuyamaliza hapa. Lakini swali mojawapo lililowabana lilikuwa la ushahidi: hawa wanaodai ni akina nani hasa, na wana haki gani katika nchi hii kwa mila? Na wakati huo huo matrekta yalikuwa yamelima mpaka juu ya makaburi ya Wabarabaig, vile vilima vya udongo vya bung'eda wanavyojengewa wazee wa heshima, kazi ya miezi mingi yenye kuchinja ng'ombe na kunywa pombe ya asali.

Nikamuuliza yule mzee: nani anayejua kaburi la nani liko wapi, na mtoto gani alizaliwa katika boma lipi? Mwanamume alikuwa malishoni. Mama ndiye aliyezaa pale, akazika kitovu cha mtoto pale, akachota maji katika kisima kile. Yeye anajua mwaka boma lilipohama na sababu yake. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tuandike na ya mama yangu." Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, mama yake alikwisha kufa. Tuliandika aliyokumbuka. Yalijaza nusu ukurasa.

Sisemi wasifu wa bibi utakuwa ushahidi mahakamani. Nasema yule anayeyajua mambo ndiye hatumuulizi.

Neno moja juu ya simu. Vijana husema, "Mwalimu, kuandika kwa nini, nitamrekodi." Mrekodi, ni vizuri, sauti yake itawafurahisha wajukuu. Lakini simu huibiwa, huvunjika, hutumbukia majini. Andika pia katika daftari lenye jalada gumu. Andika tarehe, andika jina lako wewe mwandishi na jina la aliyesimulia. Maneno ya lugha yake yaache kama alivyoyasema, kisha eleza maana kwa Kiswahili. Na kama bibi wawili wamesimulia jambo moja kwa namna mbili, usiwapatanishe wewe. Andika zote mbili. Mimi nimekwisha kujifunza kwamba nikianza kuchagua nitachagua ile inayompendeza mwenye nyumba.

Ule wasifu wangu niliuandika upya. Ilinichukua jioni nne kwa rafiki wa marehemu, kwenye mahindi yake, na vidole vyangu vilitoka malengelenge. Sasa ni kurasa kumi na moja. Jina la mume limo mara sita, na si kwa ubaya, alikuwa mtu mwema ila kwa habari ya mbegu. Nilipowapelekea wanawe, yule mkubwa alisoma mpaka kwenye panya, akaweka daftari chini, akacheka, kisha akatoka nje akakaa peke yake muda mrefu. Aliporudi aliniuliza kama yule bibi rafiki bado ana nguvu za kuzungumza. Nilimwambia anazo, lakini macho yanamsumbua, na aende mapema.

MANENO YA KUJIFUNZA

Wasifu: habari za maisha ya mtu. Kukadiria: kutaja kiasi au mwaka usiokuwa wa hakika, kwa kufikiri. Ushahidi: maneno au vitu vinavyoonyesha kwamba jambo ni la kweli. Sotoka: ugonjwa mkali wa ng'ombe.

KAZI YA KIKUNDI

Someni tena habari za Bi Mgaya, mtu mmoja asome kwa sauti. Halafu jadilini: kama mngekaa naye Butiama mwaka 1990, akiwa na miaka 98, swali la kwanza mngemuuliza nini? Kila mmoja aseme lake kabla ya kusikia la mwenzake.

Kisha fanyeni hesabu hii. Bibi anasema aliolewa mwaka wa Uhuru, na siku hiyo alikuwa mkubwa kwa dada yake kwa miaka minne. Dada yake alikuwa na miaka kama 14. Bibi alizaliwa karibu na mwaka gani?

Mwisho, kila msomaji achague bibi mmoja, wa kwake au wa jirani, aliye hai. Aandike ukurasa mmoja ambao ndani yake jina la mume lisitokee zaidi ya mara moja. Kurasa hizo mzilete darasani Jumatano ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Anayeshindwa kuandika kwa sababu ya macho aje na mjukuu wa kumwandikia.